Ubao Niliojitafutia

Skuli za Kiingereza za watu binafsi huko ng'ambo nazijua, sizipendi, na sitajitia kuzipima kwa haki. Nilifundisha katika moja yao, Adeni, mwaka mmoja na miezi mitatu, siku zile za miaka ya hamsini Mngereza alipokuwa mwenye bandari ile na mwenye nti yetu pia. Mpaka leo nikimsikia mtu akijisifu kwamba amepata kazi ya ualimu nje, tumbo hunikata. Hunikata kwa kukumbuka njaa, na hunikata kwa jambo jingine ambalo nimelificha muda mrefu, na leo nitalisema.

Kabla ya ualimu nilikuwa karani wa forodha hapa Amu, wengine husema Lamu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwa Kiingereza kila kilichopita gatini: magunia ya simsim, korija za boriti, ngozi, kamba, mbao. Kiingereza changu chote kilikuwa hicho. Ungeniuliza jina la gunia au la msumari ningekujibu kabla hujafunga kinywa. Ungeniuliza nimeamkaje, ningekwama. Lakini mji ulisema mimi nakijua Kiingereza, na mimi, kefule, nikauamini mji.

Mfanyabiashara mmoja wa hapa aliulizwa na mwenye skuli wa Adeni kama yuko mtu ajuaye Kiingereza, na Kiarabu cha kuombea maji. Akanitaja mimi. Haukupita muda nikaletewa mkataba kwa posta. Karatasi moja tu, lakini karatasi yenyewe, lo! Juu ina taji, chini ya taji kitabu kilichofunguliwa, chini ya kitabu jina la skuli kwa herufi za rangi ya dhahabu. Taji lile alipewa na nani, Mungu ajua.

Vifungu vilikuwa vinane. Mwalimu atafundisha vipindi sita kwa siku. Mwalimu atapewa mahali pa kulala. Mwalimu ataweka pasipoti yake kwa mwenye skuli, isije ikapotea. Hapo pa pasipoti mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilishukuru kwamba nitatunziwa. Na kifungu cha saba kilisema kwamba mwalimu atajitafutia "board" yake mwenyewe.

Sasa, bodi katika madaftari yangu ya forodha ilikuwa ubao. Nimeliandika neno hilo mpaka vidole vikaota sugu. Na ule wa kuandikia kwa chaki, niliousomea nilipokuwa mtoto, nao mwalimu wetu akiuita bodi. Basi sikusita hata kidogo. Nikatoka nje, nikaketi barazani penye daka la mlango wetu, nikamsomea mkwe wangu, babake mke wangu, mkataba mbele ya majirani, kifungu baada ya kifungu. Mkwe alipenda sifa kuliko wali. Nilipofika cha saba nikawaeleza kwamba huko nje ndiko kwenye utaratibu: mwalimu huenda na ubao wake, na seremala huenda na tezo yake. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Wazungu wana mpango, wallahi."

Nilipoingia ndani mke wangu akaniuliza, "Skuli gani hiyo haina ubao?"

"Wewe hukijui Kiingereza," nikamwambia.

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye chungu chake.

Ubao ule aliutengeneza fundi wa vyombo vya bahari wa kijiji cha Matondoni. Huyo maisha yake yote alikuwa hajaunda kitu kisichokwenda majini, na hakuona sababu ya kuanza. Alichukua mbao za mbambakofi, akaziunga, akazitia kalafati ya pamba kwenye viungo maji yasipite, kisha akaupaka wote mafuta ya sifa, yale ya ini la papa. Nilipokwenda kuutazama harufu ilinipokea kabla yake. Nikajaribu chaki. Chaki ikateleza. Nikamwambia, "Bwana fundi, huu ni wa kuandikia, hauendi kuvua." Akanijibu kwamba nimeomba ubao wa kusafiri baharini na yeye amenipa. Tukaukwangua siku mbili kwa ngozi kavu ya samaki taa, tukaupaka masizi, na bado ulinuka papa mpaka siku niliyoachana nao.

Punda aliyeubeba kutoka Matondoni alisimama mara tatu ndiani akikataa. Tulipoingia mjini watu wakatoka kutazama. "Mlango wa nani huo?" wakauliza, maana kwa uzito na ukubwa ulikuwa mlango tu. "Si mlango," mkwe wangu akawajibu kwa sauti, "ni ubao wa Mwalimu." Nikaanza kuitwa Mwalimu siku hiyo, kabla sijamfundisha mtu hata herufi moja. Kiti changu cha forodha nikakiacha bila kugeuka nyuma.

Huko Adeni, mwenye skuli alinipokea mlangoni. Alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi. Kiingereza alijifunza kwa kuwahudumia abiria mezani katika meli, na sasa akijiita Prinsipali. Aliutazama mzigo wangu, akaugonga kwa kidole, akaniuliza kwa nini nimemletea mlango. Nikamwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba hii ni bodi yangu, kifungu cha saba. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Akawaita walimu wengine wawili waje wanione. Kisha akanieleza kwa Kiarabu, taratibu, maana alikwisha kujua kwamba kwa Kiingereza sitaelewa: bodi ni chakula. Mwalimu atajitafutia chakula chake mwenyewe. Skuli haimlishi mtu.

Kesho yake asubuhi akamwita mchoraji. Akaandikisha jina la skuli na lile taji juu ya ubao wangu, akautundika nje juu ya mlango wa barabarani, na hakuniuliza kama naridhia. Nikawa nimevuka bahari kumletea mwizi kibao cha duka lake.

Haya, na hali ya kazi? Skuli ilikuwa ukumbi mmoja uliogawanywa kwa shuka za kitanda. Tulikuwa walimu watatu, kila mmoja na upande wake wa shuka, na kila mmoja akipiga kelele kumshinda mwenziwe, kwa sababu mwanafunzi alimsikia vizuri zaidi mwalimu asiyekuwa wake. Usiku tulizivuta meza pamoja tukalala juu yake. Hapo ndipo palipokuwa "mahali pa kulala". Maji ya kunywa yalikuwa ya chumvichumvi. Madirisha yalikuwa matatu, nayo yalitazama ukuta. Chini yetu palikuwa na duka la mchoma nyama, na moshi wake ulipanda kwetu tangu adhuhuri mpaka magharibi, wakati mimi nimekula nusu mkate na chai.

Kitabu kilikuwa kimoja. Prinsipali alikikata kwa kisu mapande matatu ili kila mwalimu awe na chake. Mimi nilipewa pande la mwanzo, basi kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu nilifundisha kwamba bwana mmoja ana mbwa na mbwa yuko chini ya meza. Kundi likimaliza kurasa zangu likivuka shuka kwenda kwa mwenzangu, nami nikiletewa jingine, nikimrudisha mbwa chini ya meza. Mpaka leo sijui kama alitoka.

Wanafunzi sikuwalaumu. Walikuwa wachukuzi wa bandarini na wauza maduka, watu wazima waliochoka, wakisinzia mbele yangu kwa adabu. Cheti chenye taji alipewa kila aliyemaliza ada, awe anajua kutaja jina lake au hajui. Na faini zilikuwa za walimu. Ukichelewa, faini. Ukiugua, faini. Mwanafunzi akikuona ukinunua mkate barabarani, faini, ati waivunjia skuli heshima. Toba! Mtu mzima mwenye mke na mkwe, nikizunguka vichochoro vitatu kutafuta duka la mkate ambalo mwanafunzi hapiti.

Ungeuliza kwa nini sikurudi. Pasipoti ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Prinsipali, na mkataba ulikuwa haujesha. Lakini nitasema kweli. Hata ningepewa pasipoti mwezi wa kwanza nisingerudi, kwa sababu mji mzima uliuona ule ubao ukipita. Ningewaambia nini?

Nikaandika barua badala yake. Niliziandika juu ya meza niliyolalia, moshi wa nyama ukinipita puani. Nakaa katika chumba chenye madirisha matatu yatazamayo bahari. Wanafunzi wangu huniinukia nikiingia. Ubao wangu umewekwa mahali pa heshima. Twala nyama kila siku, mpaka twaichoka. Mkwe wangu alizisoma barua hizo dakani kwa watu mpaka makaratasi yakachanika mikunjoni. Maneno yakabaki yameshikwa kwa kichwa. Hata watoto wa mtaa waliweza kuyasema.

Nilirudi nimekonda, nikasema nilipata homa melini. Wakaniuliza ubao uko wapi. Nikasema skuli imeniomba niwaachie. "Lazima waliona kazi ya mikono yetu," fundi wa Matondoni akasema, na tangu hapo akawa akiwaeleza watu kwamba Adeni kuna kitu chake.

Kiti changu cha forodha nilikikuta kimekaliwa. Alipewa mtu wa kisiwa cha Ndau, mwenye umri wa miaka ishirini na tano hivi, mtulivu, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane, na mama huyo aliishi kwa kumtegemea yeye. Kila wiki akimpelekea kwa mashua mchele, sukari na mafuta ya taa, akiandika orodha na kuitia ndani ya gunia. Sikuwa na neno naye. Mimi nilianza kufundisha Kiingereza penye daka letu kila baada ya alasiri, na vijana walikuja kwa sababu nimefundisha Adeni. Nikialikwa harusini nilitengewa mahali pa mbele. Jina la Mwalimu ndilo lililotulisha.

Siku moja adhuhuri yule mtu wa Ndau akapiga hodi. Nikamkaribisha, mke wangu akatupakulia wali na mchuzi wa mbuzi, akarudi nyuma ya pazia. Mgeni akala wali, akaipanga nyama kandokando ya sahani yake.

"Mbona huli nyama?" nikamwuliza.

"Niwie radhi, Mwalimu. Nyama sili tangu mdogo. Hunitapisha. Mama anijua, mimi ni mtu wa samaki."

Tulipokwisha nawa akatoa karatasi mfukoni. Nililiona taji kabla hajaikunjua. Prinsipali alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba Amu bado wako watu wajuao Kiingereza.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe umefika," akasema. "Nipimie. Hapa nina kazi ya serikali, nikiiacha sitaipata tena. Mama hana mwengine ila mimi. Nikienda nikaharibikiwa, ni yeye atakayelala njaa. Nambie kweli, hali ya kazi ikoje?"

Angalia alivyouliza. Mimi nilipopata karatasi ile sikumwuliza mtu neno, na huyu alikuja mpaka kwangu, ameketi kwa adabu, anataka ukweli. Kila alichouliza kilikuwa cha maana. Wanalala wapi? Mwenye skuli ni mtu wa namna gani? Wanafunzi wanasoma kweli?

Nikafungua kinywa, na zikatoka zile zile barua. Chumba chenye madirisha matatu yatazamayo bahari. Wanafunzi huinuka. Twala nyama kila siku.

Akacheka. "Hiyo nyama itanipita. Hapakosi samaki?"

"Samaki wapo," nikasema.

Akashusha kidole karatasini. "Na hapa, Mwalimu. Kifungu cha saba. Hii bodi ndiyo ubao, sivyo? Nakumbuka wako."

Nyuma ya pazia mke wangu alikuwa akikusanya sahani. Sauti ya sahani ikakoma. Nilijua amesimama anasikiliza, maana swali lile alikuwa nalo tangu siku aliponiuliza skuli gani haina ubao. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, chakula. Lakini nikilisema neno hilo, wao wote wawili watamwona yule punda akipanda kutoka Matondoni, na mimi nyuma yake, na mkwe wangu akipiga domo mbele. Kesho watoto wa mtaa wataliimba.

"Ndiyo," nikasema. "Ubao. Nenda na mkubwa."

Sahani zikaendelea.

Mtu yule akaandika barua ya kuacha kazi. Akaenda Matondoni, na fundi, baada ya kuambiwa kwamba wa kwanza umependwa Adeni mpaka ukang'ang'aniwa, akamtengenezea mwingine, mzito zaidi. Niliuona ukipita. Watu wakauamkia kwa vifijo. Hakuna aliyeuliza tena mlango wa nani, kwa sababu sasa walijua, walimu wa Adeni huenda na ubao.

Alikuwa na siku kumi kabla ya kusafiri. Siku kumi hizo kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia. Nilipanga na maneno. Nitamwita pembeni, nitasema bwana, nilikosea, bodi ni chakula, kaa na mamako. Nikakutana naye mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na watu. Mara ya pili mvua ilinyesha. Mara ya tatu tulikuwa peke yetu penye uchochoro mpana kiasi cha watu wawili, akaniamkia, nikamwuliza kama amekwisha funga mizigo. Mwoga hapungukiwi na sababu, na mimi nilikuwa nazo tele.

Siku ya safari nikaenda gatini. Asubuhi, watu wamejaa, ubao umekwisha pakiwa umefunikwa turubali. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Ndau kumuaga, amesimama na kina mama wenziwe. Nikapenya kati ya mtu na mtu mpaka nikamshika mkono yule kijana wake, nikamwinamia sikioni.

"Usiende," nikamwambia. "Bodi si ubao. Ni chakula. Hawatakulisha."

Alinitazama kana kwamba sijui lugha. "Mwalimu, wewe si ulikwenda na ubao?"

"Nilikosea."

"Ukakosea mwaka mzima? Ukiandika mwala nyama kila siku?"

Pale pale angenitaka nimweleze yote, mkate, meza, shuka, na nyuma yangu mkwe alikuwa akipasua watu kuja kumuaga kwa baraka zake. Yule mtu akautoa mkono wake mkononi mwangu, pole pole.

"Sikudhania una kijicho," akasema. "Hutaki mwengine aitwe Mwalimu."

Mkwe akafika. "Kuna nini hapa?"

"Namuaga tu," nikasema.

Na nikamuaga. Nikamtakia safari ya salama mbele ya watu, nikasimama pale mpaka wakaondoka. Nilipogeuka nilimwona mama yake akifuta macho kwa ncha ya buibui, huku akipokea pongezi. Astaghfirullah. Nimeona watu wengi wa kudharauliwa katika maisha yangu, na Prinsipali yumo, lakini asubuhi ile hapakuwa na haja ya kwenda Adeni kumtafuta.

Wiki ya pili ofisi ya forodha ikaniita. Hawana karani, na mimi kazi naijua. Naapa sikukifikiria kiti siku niliposema ndiyo, ubao. Lakini nilipopewa sikukikataa. Nilikikalia, nikakuta ndani ya saraka kalamu yake na orodha moja ya mchele na sukari ambayo haikwisha.

Ikapita miezi mitano au sita. Asubuhi moja mama yake akaingia ofisini, ameteremka kwenye mashua ya Ndau, mkononi ana bahasha. Nilimjua kabla hajafunua uso.

"Nisomee, Mwalimu," akasema. "Mwanangu ameandika kwa herufi za kizungu. Mimi najua za msahafu tu."

Hilo peke yake lingenitosha kuelewa. Herufi za msahafu mama angezisoma mwenyewe. Mwanawe aliandika za kizungu kwa sababu alijua barua hii itafika mbele ya nani.

Nikaifungua. Baada ya salamu, sentensi zangu za zamani zilikuwa zinanisubiri, moja moja, kwa mwandiko ule mzuri. Nikasoma kwa sauti, kwani alikuwa amekaa ananitazama mdomo.

"Nakaa katika chumba chenye madirisha matatu yatazamayo bahari. Wanafunzi wangu huniinukia nikiingia. Ubao wangu umewekwa mahali pa heshima. Twala nyama kila siku, mpaka twaichoka."

Yule mama hakutabasamu.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

"Twala nyama kila siku, mpaka twaichoka."

"Mwanangu hali nyama."

"Huenda amezoea, Bi," nikasema. Ndiyo, hata hapo nilijaribu.

"Hazoei. Alikuwa mdogo nikamlazimisha siku ya Idi, akatapika mpaka macho yakamgeuka. Tangu siku hiyo hajatia kinywani. Hawezi kukaa akaandika kwamba ala nyama." Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaitazama ingawa hawezi kuisoma, akanirudishia. "Maneno haya si yake. Ni ya nani?"

Nje wachukuzi walikuwa wakihesabu boriti kwa sauti. Nilikuwa na daftari limefunguka mbele yangu, na neno bodi limeandikwa humo kwa mkono wangu, mistari miwili.

"Ni yangu, Bi," nikasema.

Nikamwambia yote. Nikamwambia bodi ni nini, na jinsi nilivyojificha kununua mkate, na pasipoti ndani ya bati, na mwanawe alivyokuja kuniuliza nimpimie, na nilivyomjibu, na nyama aliyoiweka kando ya sahani kwangu. Nikamwambia nilichomnong'oneza gatini na nilichosema mkwe alipofika. Sikuteremsha sauti. Makarani wa meza nyingine walisikia, na kabla ya adhuhuri mji wote ulikuwa nayo. Nilimngojea yule mama anitukane, nilitamani anitukane.

Alikitazama kiti nilichokalia, kisha akanitazama mimi. Akakisogeza kidau cha wino mpaka mbele ya mkono wangu.

"Mwandikie arudi nyumbani ale samaki," akasema.